Mwanga wa Kutosha kwa Tangi la Foleni

Mgeni wa Heshima, ambaye ametuma udhuru. Mwakilishi wa Mgeni wa Heshima, ambaye naye ametuma udhuru. Mwakilishi wa huyo Mwakilishi, ambaye yuko njiani na tumeambiwa amekwama Waiyaki Way. Wenyeviti, Makatibu na Wanachama wa Kamati Kuu, wa Kamati Ndogo, na wa Kamati ya Kuisimamia Kamati Ndogo. Viongozi wa dini zote mlio hapa na mlio kwingineko. Wadau wa maendeleo. Wazee, akina mama, vijana, na ninyi wananchi watukufu mliopanga foleni katika ukumbi huu tangu asubuhi mkidhani mmekuja kuchukua vibali, kumbe mmekuja kushuhudia historia (minong'ono), hamjambo? (Kimya.) Nimeuliza, hamjambo? (Sauti chache: "Hatujambo.") Hiyo ndiyo ari tunayoitaka.

Mimi, kwa wale wachache wasionifahamu, ni Mhandisi Fidel Muli, Kaimu Mkurugenzi wa Idara ya Utulivu wa Umma na Mapambo Hai, ghorofa ya nne, mlango wa mwisho, ule ambao haujawahi kufungwa mbele ya mwananchi kwa sababu kitasa chake kimeharibika. (Kicheko.) Nimesimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao wenzangu wengi wamekiri kwamba haujawahi kuonekana katika cheo kama changu, ili kuzindua rasmi Mradi wa Tangi la Umma la Samaki wa Maji Baridi na Mimea Hai, mradi ambao ni flagship, ambao ni people-centred, na ambao utabadilisha kabisa namna Mkenya anavyosubiri.

(Mama mmoja mbele, kwa sauti: "Sasa mkubwa, dirisha itafunguliwa saa ngapi?")

Ahsante sana, mama. Jina lako nani? (Mama: "Njambi. Nimetoka Mountain View. Nataka permit ya kibanda yangu.") Mama Njambi, swali lako ni zuri na ndilo hasa lililozaa mradi huu. Utafiti wetu wa kina, ambao niliuongoza mimi mwenyewe kwa kuchungulia kutoka kwenye ngazi, ulibaini kwamba asilimia tisini na saba ya wananchi wanaosubiri huduma hapa hununa, na asilimia tatu iliyobaki husinzia. Tukaenda retreat hotelini. Mezani tulikuwa na njia mbili: kuharakisha huduma, au kuifanya foleni ipendeze. Tukajadili kwa uchungu wa uzalendo, na hiyo njia ya kwanza tukaiondoa kwa kauli moja. (Kicheko na miguno.) Ndipo tukaamua kwamba katika ukumbi huu pawe na tangi kubwa la kioo, lenye samaki wanaoogelea polepole katikati ya mimea ya kweli, si ile ya plastiki, ili mwananchi akitazama moyo wake utulie na mdomo wake pia.

Sasa mtu asiye na elimu ya kutosha angekimbilia kununua tangi. Sisi tulianza na taa. (Sauti: "Taa?") Taa, ndugu yangu! Kwa sababu mmea ulio ndani ya maji hauli sukuma wiki. Mmea hula mwanga. Ukiupa mwanga mbaya unakufa, ukifa unaoza, ukioza maji yanachafuka, na maji yakichafuka samaki wa umma anakufa, na samaki wa umma akifa mimi ndiye nitakayeitwa kwenye kamati. Kwa hiyo tuliunda Jopokazi la Kuteua Taa Inayofaa, nikajiteua mwenyekiti, na baada ya public participation iliyohudhuriwa na watu waliokuja kujikinga mvua, tukaingia awamu ya pilot.

Pilot haiwezi kufanyika hewani. Tulihitaji tangi la majaribio, na hapo ndipo anapoingia Afisa wangu Mwandamizi, Nadira, ambaye mnamwona pale mlangoni amekunja mikono. Nadira ana shahada ya mimea na ana ulimi, na vyote viwili anavitumia kazini. (Kicheko.) Sebuleni kwao, kule Parklands anakoishi na mama yake Bi Zainab, Nadira ana tangi lake mwenyewe alilolilea tangu akiwa mwanafunzi. Kila mmea uliomo ameuotesha kwa mkono wake. Tukamwomba atuazime. Akasema, "Sawa Mkurugenzi, lakini mtu akiniulia mimea yangu, nitaandika barua ya kuacha kazi na nitaisoma kwa sauti." Nikachukulia hayo kuwa ni ridhaa.

Jambo ambalo Nadira hakutueleza wakati ule, na ambalo ananiruhusu kulisema leo kwa sababu nimeshaanza kulisema, ni kwamba nyumba ile ilikuwa inatarajia wageni wa posa. (Vigelegele vichache.) Kijana mwenyewe anaitwa Amin, mtulivu, muuza vitambaa Biashara Street. Amin hana baba. Amelelewa na ami yake, Ustadh Sadiq, mwalimu wa madrasa hapa mjini, mtu wa haki na wa maneno machache, ambaye alikuwa amesema wazi kwamba binti anayeshinda ofisini hajui kama ataweza kutunza nyumba, na kwamba ataamua akishaiona nyumba yenyewe. Na Amin alikuwa amemwambia Nadira kwamba anampenda kama roho yake, lakini neno la ami yake hatalivunja. Kwa hiyo mnaelewa hali ilivyokuwa tete wakati serikali ilipobisha hodi na taa yake.

Taa ya kwanza ilinunuliwa na Afisa wetu wa Ununuzi, Bwana Wainaina. Simama wakuone, Wainaina. (Wainaina anasimama nusu, anaketi.) Wainaina aliambiwa atafute taa ya tangi inayovutia, na kwa kuwa ni mtu wa kufuata maelekezo, akarudi na utepe wa taa za buluu na zambarau kutoka duka la kupambia magari, wenye rimoti, na unaobadilika rangi kwa kusikia sauti. Tukaufunga. Samaki wakang'aa kama vito. Tukapiga picha nyingi za ripoti.

Lakini mimea haikufurahi. Polepole mashina yakaanza kurefuka na kukonda, majani yakaachana, yale ya chini yakawa manjano, yakalainika, yakayeyuka. Nadira akanipigia simu: "Mkurugenzi, mimea yangu inanyoosha shingo kama watu wanaotafuta network." Nikamwambia hiyo ni growth. (Kicheko kikubwa.) Niliitazama kama growth! Urefu uliongezeka!

Wageni wakaja. Nami nilikuwapo, kwa sababu za kiserikali, kwani nilikuwa nimekwenda kukagua pilot na Bi Zainab alikuwa amepika biriani. Ustadh Sadiq akaingia, kanzu imenyooka, akasimama katikati ya sebule na kusema, "Asalaam aleikum." Utepe ukasikia sauti, ukageuka mwekundu. Akakohoa. Ukageuka kijani. Watu wakamwitikia salamu kwa pamoja, na sebule nzima ikaanza kumetameta. Ustadh akatazama dari, akatazama kuta, akamtazama Bi Zainab na kuuliza, kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko hasira, "Dada yangu, hii ni nyumba ama ni klabu?"

Bi Zainab alitamani ardhi ipasuke. Nadira akakimbilia swichi. Wainaina, ambaye naye alikuwa amekuja kukagua biriani, akabonyeza rimoti kusaidia, kumbe kibonyezo hicho kilikuwa cha muziki. (Ukumbi unavunjika kwa kicheko, Wainaina anafunika uso.) Wageni hawakula. Ustadh alisema, "Tutarudi, inshallah," na wale mnaojua inshallah za namna ile mnajua uzito wake.

(Njambi: "Woi! Na msichana alifanya nini?")

Msichana, Mama Njambi, alilia kidogo jikoni, kisha akaja sebuleni, akaung'oa utepe kwa mikono yake na kumkabidhi Wainaina kama mtu anayerudisha nyoka. Mimi, kama kiongozi, sikukaa kimya. Niliingilia kati. Ninyi mnanijua. Nilisema: kama mwanga kidogo umeshindwa, mwanga mwingi utaweza. Hiyo ni kanuni ya uhandisi. Nikaagiza ile taa inayomulika viwanja vya mpira usiku, ikaninginizwa juu ya tangi kwa minyororo, na nikatoa directive kwamba isizimwe kuanzia alfajiri hadi watu wanapokwenda kulala. Nilitaka mwanga wa serikali uonekane hadi Loresho. (Makofi ya kejeli.) Ahsanteni.

Bi Zainab alisali kwa miwani ya jua. Jirani wa jengo la mbele alikuja kuuliza kama kuna filamu inapigwa. Na ndani ya tangi, nakiri kwa moyo mkunjufu, kulitokea changamoto. Maji yakaanza kuwa ya kijani. Kwanza kama chai ya majani mabichi, kisha kama mchuzi wa mchicha. Utelezi ukafunika kioo, ukafunika majani, ukafunika mawe. Samaki wakajificha nyuma ya pampu wote kwa pamoja. Nikamwambia Nadira, "Si ulitaka kijani?" Akasema, "Mkurugenzi, mwani nao ni mmea. Wewe umewapikia karamu wasioalikwa, na walioalikwa wanakufa njaa."

Na Ustadh Sadiq akarudi siku hiyohiyo. Mimi nadhani alirudi kwa sababu Amin alimsihi sana. Akakaribishwa, akaketi, akageuza uso kando ili asipofuke, na akaona ule mstatili wa kijani. "Mwaweka nini humo?" akauliza. Nadira akajibu, "Samaki, Ustadh." "Wako wapi?" "Wamo." Ustadh akainuka, akakaribia hadi pua ikagusa kioo, miwani yake ikaingia mvuke, hakuona hata mkia. Akasimama wima. Akasema, "Binti, ikiwa hivi ndivyo unavyoyatunza maji, mume utamtunza vipi?"

Amin alikuwa akitazama zulia. Mimi nilikuwa na sambusa mdomoni, vinginevyo ningetoa maelezo ya kitaalamu. Na Nadira, huyo mnayemwona pale, akanyoosha mgongo na kusema kwa adabu, neno kwa neno: "Ustadh, maji haya yanatunzwa na serikali. Mume nitamtunza mwenyewe."

(Ukumbi unalipuka kwa vigelegele. Njambi anasimama na kupunga kitambaa. Sauti: "Mwambie, dada!" Nadira anainamisha kichwa, anatabasamu.)

Nami nilipiga makofi kama ninyi, kabla sijatambua ninapigia nini. Ustadh hakucheka, ila ndevu zake zilitikisika. Akasema, "Basi nitakuja tena mara moja. Serikali isiwepo."

Kuanzia hapo, kwa mujibu wa taratibu za kukabidhiana madaraka, nilihamishwa kutoka kwenye tangi lile. Nadira aliniambia mlangoni, "Mkurugenzi, pilot imesimama," na kwa mara ya kwanza katika utumishi wangu sikuunda kamati ya kulichunguza jambo. Alikuwa na macho ya mtu aliyechoka. Tangi lilikuwa linakufa, na pamoja nalo kitu kingine ambacho hakuwa akikitaja. Nilirudi ofisini, nikakaa, na sikuweza kunywa chai yangu. Niliona vibaya. Sijui niliwekeje hilo katika ripoti.

Nadira, Amin na Bi Zainab wakaenda kwa muuzaji wa samaki wa mapambo hapo hapo Parklands, anaitwa Sameer. Sameer akawauliza, "Mna mimea gani? Tangi lina kina gani? Na taa mnaiwasha kwa muda wa saa ngapi kila siku?" Hayo ni maswali ambayo Jopokazi letu, pamoja na retreat zote, halikuwahi kuyauliza. (Kicheko.) Nadira akamweleza kuwa mimea iliyosalia ni ile yenye majani mazito, meusi-meusi, inayokua taratibu. Sameer akasema mimea ya aina hiyo hairidhiki kwa wingi wa mwanga, huridhika kwa mwanga wa kiasi, na akawapa taa nyembamba, nyeupe tupu kama mchana wa saa nne, yenye urefu sawa na tangi ili pembe zisibaki gizani. Wakaongeza kifaa cha kuiwasha na kuizima chenyewe. Nadira alitaka iwake saa kumi kwa siku. Sameer akasema anzeni na sita, mimea ikitulia mfike nane, msizidishe. Bi Zainab akasema, "Mimi sijali mimea. Magharibi ikiingia nataka giza langu." Wakakubaliana.

Kisha kazi. Nadira akawa akitoa sehemu ya maji na kuweka mengine, akifuta kioo, akikata jani lililoharibika, tena na tena, kila akitoka kazini, na Amin akija na ndoo mpaka mlangoni na kuondoka. Maji yakawa kijani hafifu, kisha ukungu, kisha siku moja ukuta wa nyuma ukaonekana.

Aliniita nikaone. Nilikwenda bila faili. Niliketi mbele ya tangi. Jani jipya lilikuwa limechomoza, dogo, la kijani kibichi, na juu yake kulikuwa na mapovu madogo kama shanga za kioo, na kila baada ya muda moja likaachia jani na kupanda juu. Nikauliza ni nini. Nadira akasema, "Mmea ukishiba mwanga, unapumua hivyo." Nilinyamaza. Maafisa wangu wanaweza kuthibitisha kwamba jambo hilo halijawahi kutokea. (Kicheko cha polepole.) Nilikaa pale mpaka Bi Zainab akaniuliza kama nimeugua.

Ustadh Sadiq akaja mara ya tatu. Serikali haikuwepo, mimi haya niliyaona tu kupitia mlango wa jikoni. (Kicheko.) Akasalimu, akaangalia dari kwanza, akaona imetulia, akaketi. Chai ikaletwa. Akainua kikombe, macho yake yakaangukia kwenye tangi, na kikombe kikabaki hewani. Samaki wadogo wenye mkanda mwekundu walikuwa wanapita kati ya majani kama darasa lililo na nidhamu. Akaweka kikombe chini. Akauliza, "Hawa wanakula nini?" Nadira akamwambia. "Na huyu wa chini mbona yu peke yake?" Akamwambia. Akauliza kuhusu majani, kuhusu mawe, kuhusu konokono. Chai ikapoa, wakambadilishia, na ile nyingine ikapoa. Maswali aliyokuja nayo kuhusu kazi na nyumba hakuyauliza.

Halafu Magharibi ikakaribia, na pap! taa ikazimika yenyewe. Ustadh akashtuka. "Ndiyo mwanifukuza?"

"Hapana, Ustadh," Nadira akasema. "Mimea nayo hulala. Ukiiwasha mfululizo haipumziki, na uchafu ndio unaonufaika."

Ustadh akacheka. Ndugu zangu, alicheka mpaka akashika mbavu, na akasema, "Basi tusali, kisha tuzungumze mahari kabla na sisi hatujazimiwa!"

(Vigelegele, makofi, miluzi. Njambi anamkimbilia Nadira na kumkumbatia. Mlinzi anaacha mlango na kuja kutazama.)

Sasa, kwa kuwa harusi hiyo imetokana moja kwa moja na pilot ya Idara yangu, tumeiandika katika key deliverables, yaani mafanikio makuu, za mwaka huu. (Nadira: "Mkurugenzi!") Imeandikwa, Nadira, haifutiki. Na kutokana na mafanikio hayo, natangaza mbele yenu kwamba Serikali, kupitia mimi, imekwishateua rasmi taa inayofaa: nyeupe, ya kiasi, urefu wa tangi, saa nane kwa siku, basi! (Makofi.) Tutaipeleka ghorofa zote! Tutaipeleka Parklands, Loresho na Mountain View! Hakuna mwananchi atakayesubiri huduma bila samaki wa kumtazama! Asilimia mia moja na nne ya foleni zote zitatulia kufikia mwaka ujao, na wanaobeza wataona haya!

Semeni nami: Mwanga wa kiasi! (Wachache: "Mwanga wa kiasi!") Mimea imara! ("Mimea imara!") Foleni tulivu! (Njambi: "Foleni fupi!" Ukumbi mzima: "Foleni fupi!") Tulivu, nimesema tulivu. ("Fupi!") Tutalifanyia consultation.

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru Nadira, ambaye Jumamosi anahamia kwa mumewe pamoja na tangi lake, mimea yake, samaki wake na taa yake aliyoinunua yeye, kwa hiyo kituo chetu pekee cha majaribio kitafungwa. Mabruki, mwanangu. Namshukuru fundi wa vioo, ambaye tutamtafuta. Nawashukuru samaki wa umma, popote walipo, maana hatujawaona. Na nawashukuru ninyi kwa kuja kuzindua nami mradi wenye rekodi ambayo hakuna idara nyingine inayoweza kujivunia: tangu uanze hadi leo, hakuna kioo kilichopasuka, hakuna mmea ulionyauka, hakuna samaki aliyekufa na hakuna tone la maji lililomwagika sakafuni, kwa sababu katika jengo hili hakuna tangi, hakuna mmea, hakuna samaki, na maji yenyewe tulikatiwa. (Mtu mmoja nyuma anaanza kucheka, na ukumbi mzima unamfuata.)

Ahsanteni sana. Mkicheka hivyo ndivyo mnavyopendeza.